Toa Sindano, Mwache Mtoto Azungushe Gurudumu

Mtoto wa miaka minne akisogelea cherehani, haangalii kitambaa. Anaangalia gurudumu. Ataligusa, atalisukuma kidogo, na kule upande wa pili sindano itashuka. Atalisukuma tena, sindano itapanda. Akishagundua kwamba vitu hivyo viwili vina uhusiano, hutamwondoa hapo kwa urahisi. Na mara nyingi ni wakati huohuo sauti ya mtu mzima inapomfikia: "Toka hapo, utajichoma!" Au: "Utaiharibu hiyo mashine!"

Hofu zote mbili zina msingi. Sindano ya cherehani inapenya ukucha, na cherehani iliyovurugwa inaweza kumkosesha mshonaji kazi ya siku nzima. Lakini kumfukuza mtoto hakuzijibu hofu hizo. Hatari ya cherehani imejikusanya katika sehemu chache, na nyingi kati ya hizo zinaondoleka kwa dakika chache. Kinachobaki baada ya hapo ni chombo cha kufundishia kisicho na mfano wake katika nyumba nyingi. Tunamnyima mtoto chombo hicho kwa sababu tumezoea kuiona cherehani kama kitu kimoja, cha kutumiwa chote au kukatazwa chote.

Angalia mashine nyingine zilizomo nyumbani siku hizi. Simu, runinga, mashine ya kufulia: unabonyeza, jambo linatokea, na kati ya kubonyeza na kutokea hakuna kinachoonekana. Mtoto akifanikiwa kuifungua simu atakuta bamba lenye vidude vidogo ambavyo havichezi wala havisogei. Cherehani, hasa ya mkono au ya miguu, haina siri ya namna hiyo. Gurudumu linazungusha mhimili uliolala ndani ya mashine, mhimili unapandisha na kushusha chuma kinachoshika sindano, na fito nyingine zinapeleka mwendo uleule hadi chini ya bamba. Kichwa cha mashine kikilazwa nyuma kwenye bawaba zake, fito hizo zinaonekana zote. Mtoto anaweza kuufuata mwendo kwa kidole tangu gurudumu hadi sindano, na hakuna mahali njiani atakapolazimika kuambiwa aamini tu.

Sisi watu wazima tunadhani hayo tunayajua. Mwaka 2002, Leonid Rozenblit na Frank Keil wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani walichapisha utafiti ambao mzazi yeyote mwenye cherehani angefaidika kuufahamu. Waliwataka watu wazima wajipe alama kuhusu jinsi wanavyoelewa utendaji wa vitu vya kawaida: zipu, kitasa, choo cha kuvuta maji, na miongoni mwa vitu hivyo, cherehani. Baadaye wakawataka waandike, hatua kwa hatua, jinsi kitu hicho kinavyofanya kazi, kisha wajipe alama upya. Alama zilishuka. Watu walikuwa wamechukua kule kukizoea kitu, na kuziona sehemu zake, wakakuhesabu kuwa ni kukielewa.

Jipime kwa swali moja. Mshono wa kawaida wa cherehani una nyuzi mbili, wa juu na wa chini, zilizopindana katikati ya kitambaa. Ili zipindane, mmoja lazima umzunguke mwenzake. Lakini uzi wa juu unatoka kwenye koni iliyosimama juu ya mashine, uzi wa chini umeviringwa kwenye bobini iliyofungiwa chini, na sindano haivuki ikatokea upande wa pili kama inavyofanya mkononi mwa mshonaji. Inashuka na kurudi kwa njia ileile. Basi uzi mmoja unauzungukaje mwingine?

Jibu liko pale ambapo sindano imeshafika chini kabisa na inaanza kupanda. Uzi ulioshuka nayo hauwahi kupanda pamoja nayo. Unalegea na kufanya kitanzi kidogo ubavuni mwa sindano. Ndoano inayozunguka chini inafika wakati huohuo, inakidaka kitanzi, inakitanua na kukivusha kwenye bobini nzima pamoja na kikombe chake, upande mmoja wa kitanzi ukipita mbele na mwingine nyuma. Kisha kile kimkono kinachopanda na kushuka mbele ya mashine kinavuta uzi juu na kuukaza. Kitanzi kimeivuka bobini yote, na uzi wa chini umebaki katikati yake.

Ili hilo liwezekane, kikombe cha bobini hakiwezi kufungwa kwa skrubu. Kimekaa kwa kuegemea tu, kimezuiwa kisizunguke, na pembeni yake umeachwa upenyo wa kupitisha uzi. Mtoto akikigusa na kukiona kinatikisika, atasema kimelegea, na atakuwa amegusa siri kubwa kuliko zote za mashine hiyo. Ukimwambia "usiguse, utakitoa," umeufunga mlango uleule aliokuwa ameuona.

Siri hiyo haikupatikana kwa haraka. Watu waliotaka kutengeneza mashine ya kushona walianza kwa kuuiga mkono wa mshonaji, na mkono huo ukawapoteza. Sindano ya mkononi ina tundu kwenye kitako na inavuka kitambaa yote. Hataza, yaani haki rasmi ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, aliyopewa Elias Howe nchini Marekani tarehe 10 Septemba 1846 ilihusu mashine yenye sindano ambayo tundu lake liko karibu na ncha, pamoja na kidude cha kupitisha uzi wa pili upande mwingine wa kitambaa. Allen Wilson, mwaka 1854, akapata hataza ya meno yanayosogeza kitambaa kwa mwendo wa hatua nne: juu, mbele, chini, nyuma. Na Isaac Singer hakuanzia kwenye karatasi tupu. Mwaka 1850, katika karakana ya Orson Phelps mjini Boston, aliziona mashine za watu wengine zilizokuwa na kasoro, akazichunguza, na tarehe 12 Agosti 1851 akapata hataza ya mashine yake mwenyewe. Alichokifanya pale karakanani ndicho anachotaka kukifanya mtoto: kuishika mashine ya mwingine na kutafuta kwa nini inakwenda hivi na si vile.

Meno ya Wilson ndiyo mahali ninapopenda mtoto aanzie. Sindano ikishatolewa na mguu wa mashine, kile chuma kinachokandamiza kitambaa, ukiinuliwa, mwambie aweke ncha ya kidole juu ya meno yale na azungushe gurudumu polepole kwa mkono mwingine. Kidole kitahisi hatua zote nne. Meno yanainuka, yanamsukuma, yanazama, na kurudi yakiwa chini, asiyahisi. Hiyo hatua ya nne, ya kurudi kimyakimya, ndiyo inayofanya kitambaa kiende mbele bila kurudishwa, na mtoto wa miaka mitano anaweza kuigundua kwa ngozi yake kabla hajajua jina la kitu chochote alichokigusa. Katika cherehani nyingi kuna kitasa cha kubadilisha urefu wa mshono. Akikigeuza na kurudia, kidole kitasukumwa zaidi au kidogo. Amepata sababu na matokeo, na anaweza kuvipima mwenyewe.

Hapa wengi wetu, kwa nia njema kabisa, tunakosea njia. Mtoto akionyesha hamu tunamketisha na kuanza kumfundisha kushona: pitisha uzi hapa, halafu hapa, shusha mguu, nyoosha kitambaa. Tumempa utaratibu wakati yeye alileta swali. Mwaka 2011 Elizabeth Bonawitz na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio waliyowafanyia watoto wadogo kwa kichezeo cha kutengenezwa, chenye mambo kadhaa yaliyofichika ndani yake. Watoto walioonyeshwa na mtu mzima, kwa makusudi ya kufundisha, jambo moja ambalo kifaa hicho kinaweza kufanya, walilirudia hilohilo na kuyachunguza mengine kwa uchache. Wale walioliona likitokea kana kwamba kwa bahati walichezea kifaa kwa muda mrefu zaidi na kugundua mengi zaidi. Mtoto anafikiri sawasawa: mjuzi akinionyesha jambo moja na kunyamaza, huenda hakuna lingine.

Bonawitz huyohuyo na Laura Schulz walikuwa wameonyesha mwaka 2007 upande mwingine wa jambo hili. Watoto walipewa sanduku lenye vishikio viwili. Vikibonyezwa kwa pamoja hivi kwamba haieleweki kipi kinafanya nini, watoto waliendelea kulichezea sanduku hilohilo hata walipowekewa jipya pembeni. Vilipobonyezwa kimoja kimoja na mambo yakawa wazi, walivutwa na lile jipya. Kwa hiyo mtoto anayerudi kwenye gurudumu la cherehani mara baada ya kukatazwa si lazima awe mkaidi. Huenda hajamaliza kazi.

Sasa nije kwenye hatari, maana asiyezitaja kwa uwazi hana haki ya kuwashauri wazazi.

Ya kwanza ni sindano. Jeraha la kawaida la cherehani ni sindano kupita kwenye kidole cha shahada, mara nyingine kupitia ukucha hadi mfupani, na ikikatikia ndani kipande kinaweza kubaki. Jeraha kama hilo ni la kupelekwa hospitali, lipigwe picha ya eksirei na chanjo ya pepopunda iangaliwe, hata kama tundu la nje ni dogo. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Kwa sindano ya cherehani siukubali ushauri huo. Maumivu ya namna hiyo hayamfundishi mtoto chochote kuhusu mashine, ila kuiogopa. Sindano inatolewa kwa kulegeza skrubu moja, na mashine inaendelea kwenda bila hiyo: chuma cha sindano kinapanda na kushuka, ndoano inazunguka, meno yanasogea. Itoe, iweke mahali pa juu, na pini zote zilizosahauliwa kwenye droo ya meza zifuate njia hiyohiyo.

Ya pili ni umeme na kasi. Cherehani ya umeme ya nyumbani hushona mamia ya mishono kwa dakika, na kanyagio lake liko sakafuni, pale hasa ambapo mtoto mdogo hukaa. Mtoto mmoja akiwa na vidole karibu na sindano, mdogo wake chini ya meza akaliegemea kanyagio, ajali imetokea na hakuna aliyekuwa mtundu. Kuzima swichi hakutoshi. Chomoa plagi kwenye soketi, na kama kanyagio linachomoka, lichomoe na uliweke mbali. Mota, waya na kanyagio la umeme si vya mtoto kufungua, na juu ya hilo hakuna majadiliano.

Kwenye cherehani ya miguu, hatari iko kwenye mkanda, gurudumu kubwa la chini na kanyagio la chuma, ambavyo vinaweza kubana vidole vya mikono na vya miguu. Uvue mkanda, na cherehani ya miguu inakuwa ya kuzungushwa kwa mkono. Kichwa cha mashine ya zamani ya chuma kina uzito unaoweza kuzidi kilo 10, hivyo kukilaza na kukiinua ni kazi ya mtu mzima, mikono ya mtoto ikiwa inaonekana yote miwili. Nywele ndefu zifungwe. Na mtoto wa chini ya miaka mitatu asiachiwe vitu vidogo: kipimo cha usalama cha vitu vya kuchezea kinachotumika Marekani na Ulaya huhesabu kuwa cha hatari kwa umri huo kitu chochote kinachoingia chote kwenye mcheduara mdogo wenye kipenyo cha milimita 31.7, na bobini za kawaida za nyumbani, zenye kipenyo cha takriban milimita 20, zinaingia.

Orodha hiyo inaweza kutisha, lakini ukiiangalia vizuri utaona kwamba kazi yake yote inafanyika kabla mtoto hajaketi: sindano, plagi, mkanda, vitu vidogo. Baada ya hapo mtu mzima hahitaji kupiga kelele. Anahitaji kukaa karibu.

Vipi kuhusu uharibifu? Nimewasikia watu wakizungumza kana kwamba cherehani ni kitu kinachokufa kikiguswa. Gurudumu likizungushwa kinyume, yaani kinyume na mwelekeo wa kumjia mshonaji, uzi utajikunja na kufanya fundo chini ya kitambaa, na fundo hukatwa likatolewa. Visahani vya kukaza uzi vikigeuzwa, mshono utaharibika mpaka virudishwe, kwa hiyo piga picha namba zake kabla. Kaskrubu kadogo kwenye kikombe cha bobini ndiko ninakokaogopa zaidi, maana kakidondoka sakafuni kupatikana kwake ni bahati, na hata robo ya mzunguko inabadilisha mkazo wa uzi wa chini. Skrubu zinazopanga wakati wa ndoano kukutana na sindano, chini ya mashine, ni za fundi. Na katika baadhi ya cherehani za umeme zilizotengenezwa kuanzia miaka ya 1960 kuna gia za plastiki zinazoweza kuvunjika meno zikilazimishwa. Mpe mtoto sheria moja, ambayo ni nzuri kwa mashine yoyote duniani: gurudumu likigoma, acha, tuangalie kwa nini limegoma.

Kama cherehani ndiyo inayolisha nyumba, basi isiwe hiyo. Hapo hofu ya uharibifu inashinda hoja zangu zote, na ni bora kutafuta mashine kuukuu. Ila iwe inayozunguka. Wengi hupendekeza mtoto apewe mashine mbovu na bisibisi aifumue yote. Kwa mtoto wa miaka kumi ni sawa. Kwa mdogo wa miaka minne au mitano naona ni hasara, kwa sababu mashine iliyofumuliwa haijibu tena. Ukiuliza "nikifanya hivi?" inanyamaza. Mashine nzima inajibu kila mara, na inajibu vilevile kila mara, na uaminifu huo ndio unaomfanya mtoto aanze kubuni maswali ya pili na ya tatu.

Cherehani za kuchezea hazinishawishi. Mwanzoni mwa karne ya 20 zilitengenezwa cherehani ndogo za watoto zilizoshona kweli, kwa uzi mmoja unaofanya mnyororo, kwa hiyo ukivuta mwisho wa uzi mshono wote unafumuka. Angalau zilikuwa za chuma na zilizungushwa kwa mkono. Nyingi za leo, za plastiki na betri, zimefungwa kila upande na kwa mtoto ni kitufe kingine tu.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Tunapogawa vitu vya kuchezea tunagawa pia aina ya akili tunayoitarajia. Binti anaitwa kwenye cherehani ajifunze kushona pindo. Kaka yake anaachiwa redio mbovu aone kilichomo ndani. Binti anakuwa mtumiaji stadi wa mashine asiyeruhusiwa kuifungua, na kijana anakuwa mfunguaji asiyejua kushona kifungo. Cherehani inaweza kuuvunja mgawanyo huo katika kiti kimoja. Ni kazi ya uhandisi, yenye fito, wenzo, mikanda na ulinganifu wa muda, na ni kazi ya mikono inayozaa nguo. Mwaka 1873 Helen Blanchard, mwanamke Mmarekani, alipata hataza kwa kazi yake juu ya mshono wa zigizaga. Binti akiuliza kwa nini sindano inakwenda kushoto na kulia, na tukamjibu "wewe shona tu," tumemkata mahali ambapo mwanamke mwenzake alishafika zaidi ya karne moja iliyopita.

Swali la mwisho ambalo wazazi huuliza ni lini sindano irudishwe. Wengi wanataka umri. Mimi sina umri wa kuwapa, kwa sababu nimeona watoto wa miaka sita walio makini kuliko wa miaka tisa. Kabla ya wakati wake mtoto anaweza kuiona sindano ikifanya kazi mtu mzima akiwa ndiye anayezungusha gurudumu, taratibu, uzi mwekundu ukiwa juu na mweupe chini, ili kile kitanzi kionekane kikidakwa. Anaweza kutoboa karatasi bila uzi, kwa sindano kuukuu, mkono wa mtu mzima ukiwa juu ya wake kwenye gurudumu, kisha akahesabu matundu yaliyomo katika kila sentimita baada ya kubadilisha urefu wa mshono.

Kumwachia sindano peke yake, kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono na bila umeme, ningesubiri mambo mawili. Aweze kulisimamisha gurudumu papo hapo akiambiwa, kila mara, hata akiwa amenogewa. Na aweze kunieleza kwa maneno yake, akionyesha kwa kidole, uzi wa juu unaivukaje bobini. Mtoto anayeweza kulieleza hilo anajua sindano iko wapi katika kila nukta ya mzunguko na itakuwa wapi nukta inayofuata, na ujuzi huo unavilinda vidole vyake kuliko katazo lolote ninaloweza kumpa kutoka chumba cha pili.